Unakojoa Sana na Sukari Iko Sawa? Hebu Tuiongelee Homoni Inayobana Maji

Mtu akisema tu siku hizi anakojoa sana, majibu yanamwagika kabla hajamaliza sentensi. Mmoja anamwambia kapime sukari, mwingine anasema hiyo ni UTI tu tafuta antibayotiki, wa tatu anamwambia acha kunywa maji jioni itaisha yenyewe. Basi anaenda kupima sukari, iko sawa, mkojo nao hauna wadudu, anaambiwa huna shida rudi nyumbani, na usiku uleule anaamka mara tano kwenda chooni na kila akitoka chooni anapitia maji maana koo limekauka utadhani hajanywa tangu juzi. Huyo ndo ninayemwandikia leo, pamoja na ndugu zake wanaomwona anatembea na chupa ya maji kila mahali wakadhani ni mazoea tu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, na hata hospitali mtu akikosea kueleza hapa anaweza kupelekwa njia isiyo yake. Kuna kukojoa mara nyingi na kuna kukojoa mkojo mwingi. Anayeenda chooni kila nusu saa na kutoa vijiko viwili vitatu, tena pengine na maumivu, shida yake mara nyingi iko kwenye kibofu au njia ya mkojo, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa tezi dume imekua, inaweza kuwa mimba inakibana kibofu. Jumla ya mkojo wake kwa siku ni ileile ya kawaida, ila unatoka kwa awamu nyingi. Lakini kuna yule ambaye kila akienda anajaza, mkojo mweupe kama maji ya bomba, na ukijumlisha wa saa 24 unapita lita tatu, wengine wanafika lita kumi na hata zaidi. Huyo wa pili ndo ana kinachoitwa mkojo mwingi kwa maana ya kitabibu, na kwa mtu mzima kipimo kinachotumika sana ni hizo lita 3 kwa siku. Mtu wa kawaida anatoa kama lita moja mpaka mbili.

Kujua uko upande gani huhitaji mashine. Chukua jagi lenye alama za lita, pima kila mkojo kuanzia asubuhi mpaka asubuhi inayofuata, andika. Karatasi hiyo ina thamani kubwa kuliko maneno "nakojoa sana daktari", maana sana ya huyu sio sana ya yule.

Sasa tuingie ndani. Figo zako mbili kila siku zinachuja maji ya damu kama lita 180, yaani karibu pipa zima. Ukishangaa hapo uko sahihi, maana damu yote mwilini kwa mtu mzima ni kama lita tano tu, kwa hiyo maji yaleyale yanapita kwenye chujio tena na tena kutwa nzima. Na karibu yote yanarudishwa kwenye damu. Sehemu kubwa inarudi yenyewe bila kuamriwa na mtu, ila ile sehemu ya mwisho, kule mwisho wa vimirija vya figo, hairudi mpaka amri itoke juu. Amri hiyo ni homoni inaitwa vasopresini. Inatengenezwa kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi, halafu inahifadhiwa kwenye tezi ndogo kama njegere iliyoning'inia chini ya ubongo inayoitwa pituitari, na kutoka hapo inaachiwa kwenye damu inasafiri mpaka figo.

Ichukulie kama simu. Ubongo unapiga, figo inapokea, ujumbe ni mmoja tu: rudisha maji. Figo ikipokea inafungua vitundu vidogo sana kwenye kuta za vimirija, maji yanapita kurudi kwenye damu, mkojo unabaki kidogo na wa rangi nzito. Vitundu hivyo vinaitwa akwaporini, na Peter Agre wa Marekani alipewa sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua, kwa hiyo tunachoongea hapa ni kitu ambacho kwa miaka mingi watu walijua maji yanapita lakini hawakujua yanapitia wapi hasa. Simu isipopigwa vitundu havifunguki, maji yote ya ile hatua ya mwisho yanaenda kibofu.

Na ubongo unajuaje wakati wa kupiga? Kuna seli zinazoonja damu muda wote zikiangalia imekolea kiasi gani, hasa chumvi ya sodiamu, ambayo kawaida inakaa kati ya 135 na 145 kwenye vipimo vya maabara. Damu ikikolea kidogo tu, asilimia moja au mbili, simu inapigwa, na ikiendelea kukolea na wewe unasikia kiu. Kwa hiyo kuna mikono miwili inayolinda maji ya mwili, mmoja unazuia yasitoke na mwingine unakusukuma uingize mengine. Shika hili la mikono miwili maana ndo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Umewahi kuona mtu akinywa pombe anavyokimbia chooni? Sio wingi wa kinywaji peke yake. Pombe inauzuia ubongo kuachia vasopresini, simu inakatwa kwa muda, figo inaachia maji, na asubuhi mtu anaamka na mdomo mkavu na kichwa kinagonga, sehemu ya hiyo shida ni maji aliyoyapoteza. Kwake yeye ni masaa machache tu. Kuna watu wanaishi hivyo kila siku ya maisha yao bila kugusa tone la pombe.

Ugonjwa wao kwa miaka mingi umeitwa dayabitizi insipidasi, na jina hilo limeleta balaa kubwa. Neno dayabitizi asili yake ni Kigiriki, linamaanisha kitu kinachopitisha, maji yanaingia yanatoka. Zamani waganga walikuwa wanaonja mkojo, ndivyo walivyotofautisha: wa mgonjwa wa sukari ni mtamu, ukaitwa melitasi kwa maana ya asali, na huu mwingine hauna ladha, ukaitwa insipidasi. Basi magonjwa mawili yasiyohusiana kabisa yakagawana jina moja kwa sababu yote yanakojoza. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni wakakubaliana jina libadilishwe, aina ya kwanza iitwe upungufu wa vasopresini na ya pili ukinzani wa vasopresini, na mimi naona ni mabadiliko mazuri mno kwa sababu jina lenyewe sasa linakueleza tatizo liko wapi.

Upungufu ni simu isiyopigwa. Ubongo hautengenezi homoni ya kutosha au tezi haiiachii. Sababu zake ni kama ajali iliyopiga kichwa vibaya, upasuaji karibu na pituitari, uvimbe unaoota maeneo hayo, kinga ya mwili kuishambulia sehemu hiyo yenyewe, wakati mwingine magonjwa kama kifua kikuu yakifika kwenye utando wa ubongo, na familia chache sana zinarithi. Kuna wagonjwa wengine wanapigwa picha za MRI na sababu haionekani, wanafuatiliwa tu. Kitu kimoja kinachojirudia kwa watu wa kundi hili ni kwamba shida inaanza ghafla, mtu anaweza kukwambia ilianza wiki fulani, na wengi wanatamani maji ya baridi sana, yenye barafu kabisa, ya kawaida hayawakati kiu. Baada ya ajali au upasuaji inaweza kuwa ya siku chache ikapita, inaweza kuwa ya kudumu.

Ukinzani ni simu inayopigwa na haipokelewi. Homoni iko tele, figo haisikii. Kwa watu wazima sababu inayojulikana zaidi ni lithiamu, dawa inayowasaidia sana watu wenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, ikitumika miaka mingi inaweza kuzifanya figo ziwe kiziwi kwa vasopresini. Naomba hapa tusikilizane: usimwambie mtu aache lithiamu yake kwa sababu umesoma hapa, kuiacha ghafla kunaweza kumrudisha kwenye hali mbaya sana, hilo ni la kuongea na daktari aliyemwandikia. Sababu nyingine ni kalsiamu ikipanda kwenye damu au potasiamu ikishuka. Halafu kuna watoto wanaozaliwa nalo, zaidi wavulana kwa sababu jeni yenyewe mara nyingi iko kwenye kromosomu ya X inayotoka kwa mama. Hawa wananiuma kuliko wote kwa sababu mtoto mchanga hawezi kusema nina kiu. Analia, anatapika, anapata homa ambazo hazina maambukizi, anafunga choo, haongezeki uzito, na nepi zimelowa kupita kiasi muda wote. Mtoto wa hivyo ukimpa maji anayanywa kwa pupa ananyamaza, na hiyo ni dalili ya kumwambia daktari kabisa, tena kwa kusisitiza.

Kuna na aina ya tatu, simu inapigwa ila inakatwa njiani. Hii ni ya wajawazito. Kondo la nyuma linatoa kimeng'enya kinachovunja vasopresini, kwa kawaida mwili unafidia kwa kutengeneza nyingi zaidi, ila kwa mama wachache inashindikana na mkojo unafurika, hasa miezi mitatu ya mwisho. Inaisha wiki chache baada ya kujifungua, na dawa ipo ambayo kimeng'enya hicho hakiiwezi. Shida ni kwamba kila mtu anamwambia mjamzito kukojoa ni kawaida yako, kwa hiyo anakaa nayo. Kurudi kwenye lile jagi, kukojoa mara nyingi ndo kawaida ya mimba, lita sita kwa siku sio kawaida ya mimba.

Na kisukari chenyewe tunachokijua kinaingiaje? Kule simu imepigwa na imepokelewa vizuri tu. Tatizo ni insulini imepungua au haifanyi kazi, sukari inarundikana kwenye damu, ikipita kama 10 kwa kipimo cha milimoli figo inashindwa kuirudisha yote, inabaki kwenye mkojo, na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Ndo maana kupima sukari kwanza ni sahihi kabisa na siwalaumu wanaowaambia watu wakapime, ni sababu iliyozoeleka zaidi na ni ya hatari ikiachwa. Ninacholilia ni kwamba watu wanaishia hapo. Sukari ikiwa sawa imefuta jina moja tu kwenye orodha.

Homoni nyingine zinaingia kwa mlango wa nyuma. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo vinavyosimamia kalsiamu, kimojawapo kikizidisha kazi kalsiamu inapanda na figo zinaanza kupuuza simu, mtu anakojoa, ana kiu, amefunga choo, mifupa inauma, pengine na mawe ya figo, na hakuna anayeunganisha hayo yote. Aldosteroni, homoni inayobana chumvi mwilini, ikizidi inapandisha presha na kwa baadhi ya watu inashusha potasiamu, tunarudi palepale. Kotisoli, homoni ya msongo, ina kituko chake: ikipungua sana inaweza kuuficha upungufu wa vasopresini, halafu mgonjwa akianza kupewa dawa ya kuirudisha ndo mkojo unafumuka, watu wanadhani dawa imemdhuru kumbe imefunua kilichokuwa kimejificha. Hata moyo una homoni yake ya kutoa chumvi na maji, na mtu anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini moyo wake unaitoa kwa wingi, kwa hiyo anaamka usiku mara tatu nne kukojoa, anatibiwa kibofu miaka na miaka wakati shida iko kwenye pumzi.

Sasa ule ushauri wa "punguza maji". Huu ndo unanifanya niandike. Kumbuka ile mikono miwili. Mwenye upungufu au ukinzani wa vasopresini mkono mmoja umekatika, maji yanatoka anywe asinywe, na kinachomweka hai ni mkono uliobaki, kiu. Ukimnyima maji hujamtibu, umemkata mkono wa pili. Ndani ya masaa damu inakolea, sodiamu inapanda, anakuwa mkali, anachanganyikiwa, anaweza kupata degedege au kuzimia. Watu hawa wakiwa macho na maji yako karibu wanaweza kuishi miaka kwa kunywa tu na vipimo vikaonekana vya kawaida. Hatari inakuja pale wanaposhindwa kuyafikia, mtoto mchanga, mzee aliyelala kitandani, mtu aliyelazwa hajitambui, mtu anayetapika.

Ila kwa haki kabisa, yupo ambaye ushauri huo unamfaa. Kuna mtu anayekunywa maji mengi kwanza na kukojoa ni matokeo, ama kwa mazoea, ama kwa kuambiwa maji mengi yanasafisha mwili, ama kwa ugonjwa wa akili, ama mdomo mkavu kwa ajili ya dawa fulani. Hapo ubongo haupigi simu kwa sababu hakuna haja, maji yamejaa. Kwa nje anafanana kabisa na mgonjwa wa upungufu, lita zilezile, mkojo uleule mweupe. Na hapa niseme kidogo kuhusu imani kwamba mkojo ukiwa mweupe kama maji ndo afya bora. Mweupe siku nzima kila siku maana yake tu figo inatoa maji, ama umekunywa kupita mahitaji ama simu ina shida. Njano hafifu haina ubaya wowote.

Kuwatofautisha hawa wawili ndo kazi ngumu. Kuna kipimo cha kumzuia mtu asinywe maji kwa masaa kadhaa hospitalini, anapimwa uzito, sodiamu na mkojo kila baada ya muda, baadaye anapewa desmopresini, dawa ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kuiga vasopresini. Mkojo ukikolea wenyewe bila dawa, simu ilikuwa nzima na tatizo ni unywaji. Ukikolea baada ya dawa tu, ubongo ulikuwa haupigi. Usipokolea hata kwa dawa, figo haisikii. Siku hizi kuna pia kipimo cha damu cha kopeptini, kipande kinachotolewa pamoja na vasopresini na kinachopimika kirahisi zaidi. Tafadhali sana hicho cha kuzuia maji usijifanyie nyumbani, kinasimamishwa mara tu uzito ukishuka asilimia chache na nyumbani hakuna wa kukusimamisha.

Matibabu yanategemea simu imekwama wapi. Ambaye ubongo wake haupigi anapewa desmopresini, ya kidonge, ya kuyeyusha chini ya ulimi au ya kupuliza puani, na wengi wanaeleza kwamba usiku wa kwanza kulala mpaka asubuhi wanaukumbuka. Ambaye figo haisikii, dozi ya kawaida haimsaidii sana, yeye anapunguziwa chumvi kwenye chakula, anatafutiwa sababu kama kalsiamu au dawa, na anaweza kupewa vidonge vya jamii ya thaiazaidi ambavyo kwa watu wengine vinakojoza na kwake vinapunguza mkojo. Inashangaza lakini ndivyo: vinatoa chumvi kidogo, mwili unabana, figo inarudisha maji mengi mapema kabla hayajafika kule mwisho ambako simu inahitajika.

Desmopresini nayo ina upande wake. Ukiwa umeinywa mlango wa kutoa maji umefungwa, ukiendelea kunywa maji kwa mazoea ya zamani, lita kwa lita, maji yanajaa, sodiamu inashuka, kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Ndo maana madaktari wengi wanamwelekeza mgonjwa asubiri mkojo mwingi urudi kidogo kabla ya dozi inayofuata, na anywe kwa kiu. Hali hiyohiyo huwapata watu wasiotumia dawa hii kabisa, ambao ubongo wao unapiga simu bila kukoma kwa sababu ya nimonia, uvimbe wa mapafu, au baadhi ya dawa za sonona na kifafa. Wao ndo wanaambiwa wapunguze maji kwa amri ya daktari. Sodiamu imeharibika kwa huyu na kwa yule wa upungufu aliyenyimwa maji, ila yule anahitaji maji na huyu yanaweza kumuua, na kwa kumwangalia usoni huwezi kujua ni yupi.

Mwaka 2009 kijana wa miaka 22 alilazwa London kwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa na upungufu wa vasopresini tangu alipotibiwa uvimbe kichwani na alikuwa anaishi vizuri kwa dawa zake. Wodini hakupewa dawa hizo, akawa na kiu kali, akawa mkali kama nilivyoeleza hapo juu, wahudumu wakaona ni fujo. Alifika kupiga simu polisi akiomba maji. Akafa kwa kukaukiwa maji akiwa kitandani hospitalini. Vifo vya namna hii ni sehemu ya sababu jina la ugonjwa lilibadilishwa, maana mhudumu akisoma neno dayabitizi kwenye faili anawaza sukari, anapima, iko sawa, anaendelea na kazi nyingine.

Kwa hiyo kama una ndugu mwenye hali hii na amelazwa kwa jambo lolote, hata la mguu, mwambie kila nesi anayeingia zamu, sio yule wa mwanzo tu: dawa hii hairukwi hata siku ya upasuaji bila daktari wa homoni kujua, akiambiwa asinywe kitu awekewe dripu, sodiamu ipimwe, na akianza kuwa mkali ghafla mpimeni kwanza kabla ya kugombana naye. Iandikeni kwenye karatasi muiache juu ya faili.